Mtangulia Maji

Mtu mmoja alikabidhiwa maji ya kijiji kizima, na nyumbani kwake akakabidhiwa mtoto wa kike. Maji aliyaweza. Mtoto alimshinda. Ninawasimulia ninyi wazazi, maana wasiolea wataliona jambo hili jepesi na huenda wakanipa ushauri.

Mtu huyo aliitwa Senkondo, na kijiji chake kilikuwa juu kwenye milima ya Upare, mahali ambapo mvua huja inapotaka na mashamba huishi kwa mfereji. Huko wana bwawa dogo la mawe na udongo ambalo huliita ndiva. Usiku kucha kijito hulijaza. Asubuhi gogo linaloziba tundu la chini huvutwa, na maji hushuka mferejini kupita kando ya mashamba ya watu wote, wenye zamu siku hiyo na wasio na zamu. Mwenye ruhusa ya kuvuta gogo ni mmoja tu, aliyechaguliwa na wenzake. Senkondo aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, na ukingo wa mfereji haukupasuka hata mara moja.

Wageni walidhani ujuzi wake uko kwenye kuvuta gogo. Kuvuta gogo hata mlevi anaweza. Ujuzi ulikuwa katika kutangulia maji. Desturi ya kijiji kile ni kwamba mwenye gogo akishalivuta, nusu kwanza na baadaye lote, hasimami kuyatazama maji. Anachukua jembe la mfereji na kushuka, hatua kumi mbele ya maji, akienda kwa mwendo wa maji yenyewe. Maji ya kwanza ya asubuhi hubeba kila kilichoanguka usiku, na mtu aliye mbele huondoa majani na vijiti kabla havijafikiwa. Akifika kwenye shamba huita jina la mwenyewe: "Nakiete, maji yanakuja." Hapo mwenye zamu hufungua mdomo wa shamba lake, na asiye na zamu huuziba wa kwake. Senkondo aliita hata pale ambapo mwenye shamba hayupo. Aliliambia shamba. Watoto wa shule walimcheka kwa hilo, naye hakujali. Alisema maji yanayomkuta mtu hajajiandaa huharibu hata yakiwa machache.

Binti yake wa pili aliitwa Mkunde, na alikuwa na miaka minane. Alikuwa mwembamba, mkimya siku nyingi, na kumbukumbu yake iliwashangaza walimu. Angeweza kukutajia nani alivaa nini kwenye ubatizo wa mwaka juzi. Lakini mtoto huyu alikuwa akilipuka. Mgeni akikalia kigoda chake, analipuka. Akiitwa kula huku anapanga vijiwe vyake, analipuka. Siku moja walimwambia akiwa ameshavaa viatu kwamba leo hawaendi sokoni, akasukuma chungu cha makande kikamwagika motoni, chakula cha watu wanne. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Alijing'ata mkono, na ukimshika anakung'ata wewe. Kanisani kwaya iliposimama na ngoma zake, aliziba masikio na kukimbia nje akiangusha viti. Yakiisha hayo hujikunja pembeni akalala, na akiamka huuliza kama mama amekasirika.

Wazazi wake walifanya walichokijua. Walimchapa, na siku za kuchapwa zikawa mbaya kuliko nyingine. Walimwombea, na sala si kitu cha kudharau, ila walisali wamefumba macho na mtoto alikuwa pale pale mbele yao. Walimpeleka zahanati wakaambiwa masikio ni mazima na damu ni nzuri. Wakaongeza makatazo. Usiguse hiki, usikae pale, usilie, usikimbie. Halafu wakaja washauri. Nyumba yenye shida ya mtoto huwa na washauri wengi kuliko viti vya kuwakalisha. Mmoja alisema ni upole wa mama. Mwingine alisema ni ukali wa baba. Mmoja, ambaye watoto wake walilelewa na bibi yao, alisema kwake jambo kama hilo lisingetokea kamwe. Hakuna hata mmoja aliyesema, nipe huyo mtoto saa moja ukapumzike.

Mzigo ulimwangukia Elieshi, mama wa nyumba ile. Senkondo alikuwa na maji, na maji ni sababu nzuri ya kutokuwepo. Elieshi aliacha kwaya ya akina mama kwa sababu hakuwa na wa kumwachia Mkunde. Aliacha hata kwenda misibani, na kijijini mtu asiyeonekana misibani husemwa. Mkononi alikuwa na alama za meno alizozifunika kwa kanga. Nambua, binti wa kwanza, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alianza kulia chakula chake nje, kwenye ngazi za jiko, na rafiki zake hakuwaalika tena. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Walishukuru tu kwamba huyu hana matatizo. Mume na mke waliongea habari za Mkunde, na habari nyingine hawakuwa nazo. Jioni moja Elieshi alisema, bila hasira yoyote, "Baba Nambua, nampenda huyu mtoto. Nimechoka kumpenda peke yangu." Senkondo akajibu kwamba kesho ni zamu ya mashamba ya juu na inabidi alale mapema.

Sasa sikilizeni habari ya Jumatano. Asubuhi ile Elieshi aliliona sweta la shule la Mkunde limetoboka viwiko, akaliondoa mtoto akiwa amelala na kumwekea jipya kitandani. Alidhani atamfurahisha. Mkunde alipoamka na kukosa sweta lake, majirani wote walijua kwamba ameamka. Kikombe kilivunjika. Nambua alilia kwa sababu angechelewa mtihani. Elieshi akamwomba mumewe amsaidie kumshika, na mumewe akasema, "Huyu ni wako, uliyemdekeza ni wewe." Alisema kwa sauti kubwa na maneno hayo yalivuka ua. Kati ya kelele hizo Mkunde alitoka kwa mlango wa nyuma, wala hakuna aliyemwona akitoka.

Senkondo alipanda kwenye ndiva akiwa amechelewa na amefura. Alijua watu wanasubiri mashambani na wananong'ona. Akalivuta gogo lote kwa mkupuo mmoja. Kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya kwa miaka kumi na tisa. Hakuyatangulia maji. Aliliweka jembe chini, akaketi juu ya jiwe, akabaki na hasira yake. Alijiambia ni leo tu. Alijiambia mfereji ni msafi na watu wanazijua saa.

Maji yakashuka peke yake. Yalibeba majani ya miparachichi na tawi moja lililovunjika usiku, na kwenye kona iliyo juu ya shamba la Nakiete vikakwama. Maji yakajaa nyuma yake, yakapanda ukingo, ukingo ukapasuka. Nakiete alikuwa mjane, na tangawizi yake ilikuwa imebakiza wiki mbili kuvunwa. Nusu ya shamba iliteremka bondeni pamoja na udongo wake. Watu walipofika mbio walimkuta Mkunde kwenye ile kona, ameketi majini, matope yamempanda hadi mabegani, anapiga kelele maneno yale yale: "Mbele hakuna mtu. Mbele hakuna mtu." Hawakutaka kusikia zaidi. Mtoto wanamjua, na matope wanayaona. Mmoja akasema ameuchimbua ukingo huyu. Nakiete alimtupia neno ambalo mtu mzima hapaswi kumtupia mtoto. Mpaka Senkondo anafika, jambo lilikuwa limekwisha kuamuliwa.

Senkondo aliwatazama watu, akautazama ukingo. Alijua kosa ni la nani. Akanyamaza. Uongo hakusema, na kwa siku tatu alijifariji kwa hilo, kwamba yeye hakusema uongo. Miongoni mwenu wapo waliowahi kunyamaza hivyo mbele ya watoto wao, na sihitaji kuwaeleza uzito wake.

Alasiri kamati ya mfereji ilikaa. Wakasema nyumba isiyoweza kumzuia mtoto haiwezi kushika gogo. Wakampa Senkondo nafasi ya kuchagua: mtoto aondoke kijijini, au kazi iende kwa mwingine. Walidhani wanamwonea huruma. Dada yake, Naelijwa, aliishi tambarare kwenye mji mdogo wa barabarani. Alikuwa mwanamke mwenye nyumba safi na sauti kali, na alikwisha kusema mara nyingi kwamba mtoto yule akikaa kwake mwezi mmoja atanyooka. Wakampigia simu. Akasema atakuja Jumamosi kumchukua. Elieshi hakubisha, na hilo ndilo lililomtisha mwenyewe zaidi ya yote, kwamba hakubisha. Alizikunja nguo za Mkunde moja moja, akazifunga kwenye kanga, akaliweka fundo nyuma ya mlango wa chumba. Nambua aliona nafuu, na akajichukia kwa kuiona. Mkunde mwenyewe hakuambiwa kitu. Walisema wakimwambia atalipuka.

Ijumaa Elieshi alikwenda kumsaidia Nakiete kuokota mbegu za tangawizi zilizosombwa. Nambua alikuwa kwenye mtihani. Hakuwepo wa kubaki na mtoto, hivyo Senkondo akaenda naye kwenye ndiva, mapema, kabla watu hawajatoka. Ukingo ulikuwa umezibwa kwa muda kwa mawe na migomba, na maji kidogo yangeweza kupita. Njia nzima alimshika mkono kwa nguvu, akiomba asilipuke, wala hakumwambia wanakwenda kufanya nini.

Alilivuta gogo nusu. Alipoinama kuchukua jembe, Mkunde alikuwa amekwisha kuingia mferejini. Alikuwa mbele, hatua kumi, na kijiti mkononi. Aliopoa jani akalitupa upande wa chini, akaopoa jingine. Alikwenda kwa mwendo wa maji na hakugeuka nyuma. Alipofika kwenye shamba la kwanza aliita jina la mwenyewe, akaongeza, "maji yanakuja," kwa sauti ya baba yake kabisa, hata kile kikohozi kidogo anachoanza nacho hakukiacha. Akaliita la pili. Akaliita la tatu. Mashamba kumi aliyataja kwa zamu yake na hakukosea jina. Senkondo alimfuata nyuma na jembe lisilo na kazi. Hakuwa amewahi kumwona binti yake ametulia muda mrefu hivyo huku yuko macho, na alianza kuogopa kwamba kwa miaka minane hakumjua.

Kwenye ile kona Mkunde alisimama. Alikigusa kiraka cha mawe kwa kijiti chake. "Siku ile nilitoa majani hapa," alisema. "Yakawa mengi. Mbele hakukuwa na mtu, nikatangulia mimi." Naye mtoto hakuwa amemaliza. Alikuwa ameliona lile fundo nyuma ya mlango, na zile nguo alizitambua. Akamtazama baba yake usoni, jambo asilolifanya mara nyingi, akasema:

"Mashamba unayaambia, baba. Mimi hamniambii."

Kisha akaita, "Nakiete, maji yanakuja," akaendelea na safari, kwa sababu maji yalikuwa yamemfika visiginoni.

Senkondo alibaki pale pale. Alilikumbuka sweta. Akakikumbuka kigoda, na safari ya sokoni iliyofutwa mtoto akiwa na viatu miguuni, na kwaya inayosimama bila mtu kumnong'oneza kwamba sasa ngoma zitalia. Alizipitia siku mbaya zote alizoweza kuzikumbuka, na katika kila moja gogo lilikuwa limevutwa lote kwa mara moja na mbele hakuna mtu. Kumbe miaka yote walikuwa wakiinua kingo. Kila mtoto alipopasuka waliongeza udongo pale alipopasukia, fimbo nyingine, katazo jingine, na maji yakawa mazito zaidi nyuma yake. Yeye, mtu anayeliambia hata shamba la maharage, hakuwahi kutembea hatua kumi mbele ya binti yake na kumwambia kinachokuja. Alilia mtu mzima yule, amesimama kwenye tope na jembe mkononi. Mimi simcheki. Kisha alifuta uso akakimbia kumfuata, kwa maana yalibaki mashamba kumi na matatu na mtoto alikuwa ameyashika yote peke yake.

Jioni alimweleza Elieshi kila kitu, jiwe aliloketi, hasira, ukimya wa siku tatu, na yale matope yalikuwa ya kazi gani. Elieshi alimsikiliza mpaka mwisho. Akainuka akaenda nyuma ya mlango, akalifungua fundo, akazirudisha nguo sandukuni moja moja. Alipomaliza alisema, "Umeniacha nikafunga nguo za mwanangu." Hakusema naye tena usiku ule, na alikuwa na haki. Msamaha wake ulikuja, lakini ulikuja kwa miguu.

Jumamosi asubuhi, kabla ya uji, Senkondo aliketi chini kwenye udongo, mbali kidogo na vile vijiwe ili asivivuruge. Akasema, "Mkunde, leo kuna msaragambo. Watu watakuwa wengi na majembe yatapiga kelele. Shangazi atakuja. Huendi naye, unabaki hapa nyumbani. Ukimaliza kupanga mstari huo tutakunywa uji, halafu tutatoka." Mtoto aliumaliza mstari. Akanywa uji. Akatoka. Hakuna kilichovunjika, na Nambua, aliyezoea kushika kikombe chake kwa mikono miwili asubuhi, alikiweka mezani bila kujua kwamba amekiweka.

Pembe ikapigwa, watu wakatoka kwenda kwenye msaragambo, ndiyo kazi ya pamoja ya kuutengeneza mfereji. Naelijwa alishuka kwenye basi, hakutaka hata chai, akaja moja kwa moja pale kwenye kona akiuliza mtoto yuko wapi. Senkondo akapanda juu ya ukingo. Hakuwa msemaji. Alisema Jumatano hakuyatangulia maji. Alisema aliketi juu ya jiwe kwa sababu ya hasira, na matope waliyoyaona mwilini mwa binti yake yalikuwa ya kazi yake yeye baba, iliyofanywa na mtoto wa miaka minane kwa vidole vitupu. Alisema tangawizi iliyoko shambani kwake ni ya Nakiete, mpaka shina la mwisho, pamoja na zamu yake ya maji msimu ule wote. Akaliweka jembe la mfereji chini, mbele ya mwenyekiti wa kamati, akashuka.

Yule aliyesema mtoto ameuchimbua ukingo alianza kuukagua mpini wa jembe lake kwa makini sana. Nakiete alitoka katikati ya watu akamwendea Mkunde, mkono umeshanyooka, na kabla hajamgusa akausimamisha. "Mkunde," akasema, "nataka kukushika mkono." Mtoto alifikiri kidogo. Akampa vidole viwili.

Kamati ililichukua jembe. Walifanya sawa, na nalisema hili kwa ajili ya wale wanaopenda toba isiyowagharimu. Msimu mzima gogo lilivutwa na mtu mwingine, na Senkondo alibeba mawe ya mfereji pamoja na wengine. Lakini Mkunde alibaki nyumbani, tena mbele ya watu wote, bila mtu kuinamisha kichwa. Naelijwa alikasirika kwa nauli na kwa heshima yake, akasema amepotezewa siku. Basi la kurudi lilikuwa limeondoka, akalala. Akakaa wiki nzima. Siku ya kwanza alimwamrisha Mkunde kwa ile sauti yake na akabaki na alama za meno mkononi. Siku ya nne alisikika akisema, "Mkunde, nikimaliza kufagia hapa nitakisogeza kigoda chako." Alisema kwa kununa, lakini alisema.

Ndani ya nyumba waligawana zamu, maana zamu ni kitu wanachokielewa watu wa mfereji. Hakuna kijiji kinachomwachia mtu mmoja maji mwaka mzima mchana na usiku, na hakuna sababu ya kumwachia mwanamke mmoja mtoto namna hiyo. Asubuhi zikawa za Senkondo, ambaye kazi ilikuwa imemtoka na muda umemrudia. Jioni mbili kwa wiki zikawa zake pia, na Elieshi akarudi kwenye kwaya. Majuma ya kwanza aliimba huku anatazama mlango. Baadaye akaimba tu. Nambua alipewa Jumapili mchana na mama yake, wawili peke yao, na alipoulizwa kwa mara ya kwanza moyoni mwake mna nini, alijibu kwa muda mrefu sana. Alirudi kula ndani. Na kila jambo likawa na mtu wa kulitangulia. Uji ukiisha ni viatu. Kesho mgeni atakuja, atakalia kiti cha bluu. Wimbo wa tatu una ngoma, tutakaa karibu na mlango, na ukitaka kutoka tutatoka. Majirani walimcheka mwanamume mzima anayetangaza viatu kabla ya kuvivaa. Aliwaacha wacheke, kama alivyowaacha wale watoto wa shule.

Sisemi kwamba Mkunde alipona. Hakuwa mgonjwa, alikuwa ni maji yenye nguvu kwenye mfereji ambao hakuna aliyeutangulia. Mwezi uliofuata alivunja sahani mbili, na siku moja ya mvua alimng'ata baba yake bega. Mfereji unaotunzwa nao huvuja. Ila sasa kulipovuja hawakukimbilia kurundika udongo. Aliye karibu alipanda juu kupunguza maji: aliwatoa watu chumbani, akapunguza maneno, akaketi hatua kadhaa kutoka kwa mtoto, akasubiri mpaka pakatulia. Elieshi aliacha kuufunika mkono wake. Mume na mke wakapata tena habari nyingine za kuongea, hata za kipuuzi, na jioni nyingine walisikika wakicheka wakati mtoto amekwisha kulala.

Msimu ulipogeuka, kamati ilimrudishia Senkondo jembe. Nakiete ndiye aliyelitaja jina lake kwanza. Alikubali kwa sharti moja, nao wakalipokea, na tangu hapo kila Jumamosi watu walio mashambani husikia sauti mbili zikishuka na mfereji, ya nyuma nzito, ya mbele nyembamba. Wanafungua midomo ya mashamba yao kwa ile ya mbele.

Mfano wenyewe ndio huo, na maji mmekwisha kuyajua ni nini, sina haja ya kuwafafanulia. Swali langu ni moja, na nyumbani kwako utalijibu mwenyewe: leo asubuhi, kabla hujamkemea mwanao, ulikuwa umetembea hatua ngapi mbele yake?